"Sijambo, ila Naumwa": Hojaji Zilizohakikiwa na Kuridhika kwa Mgonjwa

Mswahili akiulizwa "hujambo?" hujibu "sijambo" hata kama homa imemlaza tangu jana. Ugonjwa wenyewe huja baadaye kidogo: "Sijambo, ila mwili hauna raha." Muuguzi mzoefu huisubiri hiyo "ila". Karatasi ya maoni inayogawiwa karibu na dirisha la dawa haiisubiri. Inauliza "Umeridhika na huduma?", inajibiwa "ndiyo", na ripoti ya robo mwaka inaandika kwamba karibu wagonjwa wote wameridhika.

Mada hii inaitafuta hiyo "ila".

Mfano mzuri unatoka kaskazini mashariki mwa Tanzania. Watafiti, miongoni mwao Margaret Kruk na marehemu Godfrey Mbaruku wa Taasisi ya Afya Ifakara, waliwahoji wanawake 1,779 waliojifungua katika vituo vinane, wakati wa kuruhusiwa kurudi nyumbani. Waliosema walidharauliwa au kutendewa vibaya walikuwa 343, yaani asilimia 19. Kisha wanawake 593 kati ya wale 1,779 wakafuatwa majumbani, wiki tano hadi kumi baada ya kujifungua, wakaulizwa tena. Safari hii waliosema hivyo walikuwa 167, asilimia 28.

Sababu haihitaji kutafutwa mbali. Mlangoni mwa wodi mama amembeba mtoto mzima, shukrani imemjaa, na muuguzi aliyemfokea usiku yupo hatua tatu tu kutoka hapo. Isitoshe, atarudi hapo hapo kwa chanjo. Nyumbani, amekaa mkekani na amepumzika, ulimi unafunguka. Kwa hiyo mahali na wakati wa kuuliza ni sehemu ya kipimo chenyewe, na ripoti isiyovitaja inapaswa kusomwa kwa mashaka.

Hojaji iliyohakikiwa ni nini basi? Mizani ya muuza nyama hukaguliwa na kupigwa muhuri kabla mteja hajaiamini. Hojaji nayo hukaguliwa kwa njia yake: je, maswali yanayodai kupima jambo moja yanakwenda pamoja? Je, yanapima kweli kile kinachodaiwa, au yanapima adabu ya mgonjwa? Kipimo cha Cronbach cha mwaka 1951 hujibu swali la kwanza, na wengi huridhika kikifika 0.7. Swali la pili ni gumu zaidi, na ndilo linalorukwa mara nyingi.

Moja ya hojaji zinazotumika sana ni PSQ-18, iliyotolewa mwaka 1994 na Marshall na Hays wa shirika la RAND nchini Marekani, ikiwa ufupisho wa kazi iliyoanzishwa na John Ware miaka ya 1970. Ina kauli 18 zinazogusa mambo saba, yakiwamo mawasiliano, gharama na muda anaotumia daktari na mgonjwa. Baadhi ya kauli husifu huduma na nyingine huilaumu, makusudi kabisa, ili anayekubali kila kitu ajulikane.

Ufundi huo ukiletwa kwenye Kiswahili bila uangalifu, unaharibika. Muulize mgonjwa, "Hukuelezwa matumizi ya dawa?" Akijibu "ndiyo", anamaanisha ni kweli, hakuelezwa. Kwa Mwingereza, mwenye maana hiyo hiyo angejibu "hapana". Mkusanyaji takwimu akiweka alama kwenye kisanduku kwa kufuata mwongozo uliotafsiriwa neno kwa neno, lalamiko linageuka sifa. Ndiyo maana hojaji hutafsiriwa, kisha mtu mwingine asiyeiona ile ya awali huirudisha katika lugha ya kwanza, halafu wagonjwa wachache huombwa waeleze kwa maneno yao wameelewa nini. Hatua hii ya mwisho ndiyo ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo inayookoa mengi.

Kuna mtego mwingine. Hojaji ya DTSQ, ya Profesa Clare Bradley wa Uingereza, hupima kuridhika na matibabu ya kisukari kwa alama 0 hadi 36. Wagonjwa wengi walitoa alama za juu hata kabla ya kubadilishiwa dawa, kwa kuwa hawakuwahi kuonja matibabu mengine. Mabadiliko yakakosa pa kuonekana. Bradley akatengeneza toleo la pili linalomtaka mgonjwa alinganishe matibabu ya sasa na ya zamani.

Kwa Afrika Mashariki, njia inayovutia zaidi ni ya Patience Afulani na wenzake, waliochapisha mwaka 2017 kipimo cha huduma ya uzazi yenye utu kilichohakikiwa Kenya. Kina maswali 30, na mengi huuliza yaliyotokea: wahudumu walijitambulisha? Walikuita kwa jina? Swali la namna hii halimlazimishi mama kumhukumu mtu. Anasimulia tu.

Washiriki wa semina hii wanaombwa jambo moja. Kabla ya kuchapa karatasi nyingine ya maoni, wakae na wagonjwa kumi mbali na wodi, wawasomee kila swali, wawaulize wamelielewa vipi. Swali ambalo watatu kati yao watalielewa tofauti na wenzao, lifutwe.