Virusi Vinavyorudi Nyumbani

Msikilizaji, kaa nusu saa kwenye kibanda cha fundi kompyuta, lalamiko hili hulikosi: "Fundi, si ulisema umeviondoa? Mbona vimerudi?" Mashine ilipigwa Windows upya, mwenyewe akalipa, akaondoka nayo kwapani. Wiki haijaisha, yale yale. Fundi anaitwa tapeli, programu ya kukinga virusi inaitwa feki.

Mimi nasema tutazame kwingine. Virusi hivi havirudi kwa miujiza. Ni kama kunguni: ukianika godoro juani ukaziacha chaga za kitanda, umejisumbua bure. Na chaga hapa ni diski D. Kompyuta nyingi za majumbani diski yake imegawanywa: C inakaa Windows, D zinakaa picha za harusi, nyimbo na kazi za ofisini. Fundi anafuta C peke yake, kwa kuwa mteja amemsihi D isiguswe. Jioni hiyohiyo mtoto anafungua folda ya katuni iliyoko D, na virusi vimeshaingia tena.

Pana flashi pia. Enzi za Windows XP, flashi ikichomekwa tu mashine iliweza kufuata maagizo ya faili dogo liitwalo autorun, bila mtu kuelewa kinachoendelea. Virusi viitwavyo Conficker, vilivyogunduliwa Novemba 2008, vilitumia mlango huo pamoja na mingine vikaingia kwenye mamilioni ya kompyuta duniani. Windows 7 ilikuja na mlango huo umefungwa kwa upande wa flashi, na Februari 2011 Microsoft wakasambaza masahihisho ya kuufunga kwenye XP na Vista. Lakini waovu hawakulala. Kama mashine haiwafungulii tena, basi afungue mwenye mashine. Vikazagaa vile ambavyo mafundi wetu huviita virusi vya shotikati.

Itazame flashi iliyoambukizwa. Folda yako ya tasnifu unaiona, jina lake lile lile, ila kwenye kona ya chini kushoto pana kishale kidogo, na ukikagua ukubwa wake ni kilobaiti moja au mbili tu. Hiyo si folda, ni shotikati, yaani njia ya mkato. Folda yenyewe imefichwa. Ukibofya, virusi vinaanza kazi, kisha vinakufungulia folda halisi ili usishtuke. Nawaonea uchungu wanafunzi wanaoambiwa dukani, "Kazi yako imeshaliwa, tufomati tu." Mara nyingi haijaliwa! Ipo pale pale, na fundi anayejua kazi yake huifichua kwa amri moja fupi. Usikubali kufomati kabla hajakuonyesha mafaili yaliyofichwa.

Na hapa nitasema jambo ambalo wengi hawalipendi. Ile kraki ya kupata programu ya kulipia bila kulipa, mara nyingi inakutaka kwanza uzime ulinzi, au uweke folda yake kwenye orodha ya vitu visivyokaguliwa. Unakubali, unaendelea na maisha. Orodha ile inabaki. Kila ukikagua mashine, mlinzi anapita mbele ya chumba hicho bila kugonga, kwa amri yako mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kumlaumu yeyote, fungua mipangilio ya ulinzi ya Windows uifute orodha hiyo, na kraki yenyewe uiondoe.

Kisha safisha kila kitu siku moja: C, D, diski ya nje, na kila flashi iliyomo nyumbani, hata ile ya nyimbo iliyoko kwenye gari. Virusi vikiwa vinafanya kazi, ukifuta faili vinaliandika upya, ndiyo maana ukaguzi wa kawaida unaweza kushindwa. Windows 10 na 11 zina ukaguzi wa nje ya mtandao wa Microsoft Defender: mashine inajizima, inajiwasha na kujikagua kabla Windows haijaamka. Huchukua kama robo saa, na hulipi kitu. Ila ujue kwamba tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 haipati tena masahihisho ya kawaida ya usalama. Kama mashine yako inaweza kubeba 11, usisubiri.

Wenye steshenari, nanyi nina ombi. Flashi za mtaa mzima zinapita kwenye mashine yenu moja: barua ya kuomba kazi, mtihani wa shule, ratiba ya msiba. Ikiugua yenu, nyumba zetu zote zinaugua. Ikagueni kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza. Bandikeni ukutani anwani ya barua pepe, watu watume kazi zao bila kuchomeka chochote, na asiye na bando mwazimeni intaneti ya duka kwa dakika mbili.