Nani Anafaidika? Hotuba ya Mgeni Rasmi katika Mahafali ya Waandishi wa Filamu

 Wahitimu, miswada yenu mingi ni ya uhalifu, na katika kadhaa mhalifu ni mgeni asiye na karatasi. Basi niruhusuni nizungumzie filamu moja tu, Dirty Pretty Things, iliyoongozwa na Stephen Frears mwaka 2002.

Okwe ni daktari kutoka Nigeria. Jijini London hana kibali, kwa hiyo mchana anaendesha teksi, usiku anakaa mapokezi ya hoteli, na usingizi anaufukuza kwa mirungi. Siku moja anazibua choo cha chumbani, anakuta moyo wa binadamu. Ndipo anapoigundua biashara ya meneja wake, Juan: mgeni anakatwa figo humo humo hotelini, malipo yake ni pasipoti bandia. Senay, msichana wa Kituruki anayesafisha vyumba, ameomba hifadhi na haruhusiwi kufanya kazi. Maofisa uhamiaji wanamwinda. Anakimbilia kiwanda cha kushona, na bosi wa huko, akijua msichana hawezi kwenda polisi, anamdhalilisha. Mwisho anakubali kutoa figo.

Mwandishi, Steven Knight, hakumtakasa Okwe. Daktari huyu anamlevya Juan kwa dawa, anamtoa figo yeye badala ya Senay, kisha anaiuza. Huo ni uhalifu, tena wa kutisha, nami siutetei. Lakini kufikia hapo mtazamaji ameshaona njia zote zilizozibwa, na ameona waliokuwa wakivuna kwa kuzibwa kwake. Hapo ndipo ninapoiheshimu kazi hii.

Nasi tuna kisa chetu. Mwaka 2012 raia wa Ethiopia zaidi ya 40 walikosa hewa wakafa ndani ya lori lililowasafirisha kwa siri, mkoani Dodoma. Hadi leo magazeti yetu hutuonesha wenzao waliokamatwa, wameketishwa chini, vichwa vimeinama. Anayekusanya nauli zao haonekani katika picha hizo.

Wahitimu, nawaombeni mmwandike huyo. Mpeni jina, sura, nyumba na watoto anaowasomesha kwa fedha hizo. Na kijana wa kwenye lori, hata akiiba, mpeni mama aliyemuaga.

Baada ya kusema hayo, natamka kuwa mafunzo haya yamefungwa rasmi.