Waingie Uwanjani, Wasibaki Kivulini

Hotuba ya kamati ya michezo katika harambee ya mwaka ya umoja wetu



Tunaanza kwa kukiri kosa. Kila tunapofanya bonanza letu tunacheza mpira, tunavuta kamba na kukimbiza kuku. Wenzetu wenye ulemavu huwa tunawawekea viti chini ya mwembe. Tunawapa soda, sabuni na sukari, tunapiga nao picha, kisha tunarudi nyumbani tukijipongeza. Mwaka jana kijana mmoja anayetembea kwa magongo alipokea zawadi yake, akashukuru, halafu akatuuliza zamu yake ya kucheza ni saa ngapi. Hatukuwa na jibu, na ndiyo maana leo tumesimama mbele yenu.

Ndugu zetu, jambo hili si la watu wachache. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Katika kila watu tisa, mmoja ni wa kundi hilo. Haki yao ya kucheza imeandikwa pia. Iko katika kifungu cha 30 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, mkataba ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2009.

Na uwezo wanao. Sisi wa Ruangwa tunajua raha ya kuona timu yetu ikipanda. Namungo ilipoingia Ligi Kuu mwaka 2019 nani hakushangilia? Basi mkumbuke na Tembo Warriors, timu ya taifa ya soka la wenye ulemavu. Wachezaji wa ndani hucheza kwa mguu mmoja na magongo mawili, na golikipa hudaka kwa mkono mmoja. Mwaka 2022 walikwenda Kombe la Dunia nchini Uturuki, wakafika robo fainali. Vijana wale hawakuzaliwa na jezi ya taifa. Kila mmoja alianza mahali alipopewa mpira.

Jirani zetu Wakenya wana Henry Wanyoike, mkimbiaji asiyeona. Mkimbiaji kama yeye hukimbia bega kwa bega na mwenzake anayeona, wakishika kamba fupi mikononi. Katika mashindano ya Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000, kwenye mita 5,000, mwongozaji wake aliishiwa nguvu kabla ya mwisho. Wanyoike ndiye aliyemvuta hadi kwenye utepe, wakapata dhahabu. Asiyeona alimfikisha anayeona.

Sasa tunataka kufanya nini hapa kwetu? Tunataka timu mchanganyiko, wenye ulemavu na wasio na ulemavu wakiwa upande mmoja, wakishinda pamoja na kushindwa pamoja. Kuna michezo isiyo na gharama kubwa. Wa kwanza ni mpira wa wavu wa kuketi. Wote huketi chini, wavu hushushwa, na anayegusa mpira haruhusiwi kunyanyua makalio. Hapo mwenye miguu mizima hana cha kuringia, na aliyezoea kujisogeza kwa mikono mara nyingi humzidi wepesi. Wa pili ni mbio za kamba, asiyeona na anayeona. Wa tatu ni soka, ambapo mwamuzi atatumia kibendera pamoja na filimbi ili wachezaji viziwi wasiachwe nyuma. Michezo yote itaanza saa kumi jioni, jua likipungua makali, kwa ajili ya wenzetu wenye ualbino.

Kwenye kikao mwenzetu mmoja alisema kata ina shida ya maji na madarasa, iweje tuchangie mipira? Hoja yake ni ya haki, nasi tunaahidi kwamba fungu la maji na madarasa halitaguswa. Lakini tujiulize: mtoto anayefichwa ndani atakumbukwa na nani siku ya kupanga hayo madarasa? Choo chenye mlango mwembamba hatukioni kuwa tatizo mpaka mwenye kiti mwendo afike mlangoni. Siku wote watakapokuja uwanjani, tutajuana, tutahesabiana, na mzazi aliyekuwa anaona haya atamtoa mwanawe.

Tunaomba mipira, wavu, vibendera, jezi, magongo ya kuchezea, kofia pana na mafuta ya kukinga jua. Tunaomba pia posho ya mkalimani wa lugha ya alama, na nauli ya kuwaleta walio vijiji vya mbali. Bei za kila kitu ziko kwa mweka hazina, na kila risiti itasomwa kwenye mkutano mkuu. Mlioko mjini mnaweza kununua kitu chenyewe mkakituma kwa basi. Mkulima anayesubiri mnada wa ufuta aandike ahadi leo, atalipa akishauza. Na wewe usiye na fedha, leta mguu wako wa kukimbia na mkono wako wa kushika kamba. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Jambo la mwisho. Hakuna atakayepigwa picha bila ridhaa yake, na hakuna atakayelazimishwa kucheza. Anayetaka kutazama atatazama, kama mtu mwingine yeyote. Mwembe utabaki kuwa wa kila mtu aliyechoka.

Bonanza litafanyika ufuta ukishauzwa na korosho haijaanza kuokotwa. Yule kijana tumeshamjibu: zamu yake ni saa kumi jioni, na anaanza kikosi cha kwanza.