Nafasi ya Wasaidizi katika Uongozi wa Kazini



Karibu wote tuliomo humu tunaitwa viongozi, lakini kila mmoja ni msaidizi wa mtu. Mkuu wa idara ana mkurugenzi, na mkurugenzi ana bodi. Nimeombwa nizungumzie upande huo wa kazi zetu, nami nitauanzia kwenye ajali.

Tarehe 27 Machi 1977, ukungu ulitanda uwanja wa ndege wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife. Ndege ya KLM ilikuwa imejipanga tayari kuruka, na ya Pan Am ilikuwa bado inatembea kwenye njia ileile. Rubani mkuu wa KLM, Jacob Veldhuyzen van Zanten, ndiye aliyekuwa akifundisha marubani wenzake kuendesha ndege za aina ile. Hata msaidizi aliyeketi kando yake alikuwa amepimwa naye. Mkuu alipotaka kuondoka, msaidizi alimkumbusha kwamba ruhusa haijatolewa, naye akasimama. Muda mfupi baadaye akaondoka tena, ruhusa ya kuruka ikiwa bado haijatoka. Safari hii msaidizi hakumzuia. Mhandisi wa ndege, kwa yale aliyoyasikia redioni, akauliza kama ile ya Pan Am imeshatoka njiani. Mkuu akajibu kwa mkazo kwamba imetoka. Hakuna aliyeuliza tena. Ndege hizo mbili zikagongana, wakafa watu 583.

Kila nikiisoma habari hii, anayenishika moyo ni yule mhandisi. Shaka yake ilikuwa ya kweli, na aliitamka. Aliitamka kwa adabu, kama swali, na jibu la mkubwa likaifunga. Maofisini kwetu hali hiyo tunaijua: mhasibu anaona hesabu haikai sawa, anagusia kidogo kikaoni, anaambiwa "hayo ni maelekezo kutoka juu," anatia saini.

Mwaka 1988 Robert Kelley wa Marekani aliandika kwamba mfuasi bora hupimwa kwa mambo mawili: anafikiri mwenyewe, na anajituma. Nakubaliana naye, ila naongeza kwamba kufikiri peke yake hakutoshi pale ambapo kusema kunamgharimu mtu cheo. Sekta ya ndege ililielewa hilo. Mwaka 1979 NASA iliitisha warsha kuhusu makosa ya aina hii, na kuanzia 1981 United Airlines ikawafundisha marubani wasaidizi kusisitiza, na wakuu kusikiliza. Kusema kukawa sehemu ya kazi.

Kwetu nako jambo hili si geni. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikemea majivuno na dharau ya viongozi, na wafanyakazi wa viwandani wakautumia kuwahoji mameneja wao. Hata hivyo malezi yetu yamebaki upande mmoja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tumefundishwa sote. Mkuu asiyesikia la mdogo huvunja miguu ya wengi, na hilo hatukufundishwa.

Ndugu zangu wakuu wa idara, naomba jambo moja. Kikao chenu kijacho, mwacheni mwenye cheo cha chini kabisa aseme kwanza, kabla hamjatoa maoni yenu. Akisema jambo msilolipenda, mwombeni alirudie, na liandikwe kwenye muhtasari.