Msamaha wa Cheti Si Msamaha wa Wajibu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



 Kamati iliniomba nizungumze juu ya kazi yangu. Kwa kuwa miaka yangu mingi imepita chini ya magari ya watu katika gereji za Uingereza, nimechagua jambo moja la kazi hiyo: sheria ya huko inayowasamehe wenye magari ya kale kulipa kodi ya barabara na kuyapeleka magari yao kwenye ukaguzi. Msidhani ni habari ya matajiri na michezo yao tu. Ndani yake mna swali linalotuhusu sote: mtu hufanya nini siku anapoambiwa kwamba hakuna tena wa kumkagua?

Nianze na kodi. Uingereza gari linalotembea barabarani hukatiwa kodi kila mwaka. Mwaka 1995 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Kenneth Clarke, alitangaza kwamba magari yaliyopita miaka 25 yasamehewe. Haukupita muda mrefu, Serikali iliyofuata ikausimamisha mpango huo, msamaha ukabaki kwa magari yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1973 tu. Mwaka 2014 mlango ulifunguliwa upya, safari hii kwa miaka 40, na tangu hapo kila tarehe 1 Aprili magari ya mwaka mmoja zaidi huingia. Kwa mfano, tarehe 1 Aprili 2025 yaliingia yale yaliyotengenezwa mwaka 1984.

Lakini msamaha huo hauji wenyewe kama mvua. Mwenye gari sharti aombe, gari liandikwe upya kuwa la kihistoria. Kisha kila mwaka hana budi kulikatia kodi vilevile, ingawa anacholipa ni sifuri. Bima analipa kama wengine. Na gari likitumiwa kwa biashara, msamaha wa kodi hakuna.

Sasa ukaguzi. Ulianza mwaka 1960, Ernest Marples akiwa Waziri wa Uchukuzi. Siku hizo ulihusu magari yenye miaka 10 au zaidi, na mkaguzi alitazama breki, taa na usukani. Magari mengi yalishindwa, hata mwaka uliofuata umri ukashushwa hadi miaka 7. Mwaka 1967 ukashushwa tena hadi miaka 3, na ndivyo ulivyo hadi leo. Kwa hiyo kwa miaka mingi sheria ilizidi kukaza.

Ndipo ikaanza kulegea kwa magari ya kale. Mwezi Novemba 2012 magari yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1960 yalisamehewa ukaguzi. Tarehe 20 Mei 2018 msamaha ulipanuliwa hadi kwa magari yaliyotimiza miaka 40, nayo yaliyoongezeka yalikuwa karibu 300,000. (Ireland ya Kaskazini ina utaratibu wake wa ukaguzi.) Sharti ni kwamba gari liwe halikubadilishwa sana katika miaka 30 iliyopita. Ukitia kipuri cha namna ileile ya zamani, hukubadilisha gari. Lakini ukiondoa chesisi na kuweka ya namna nyingine, au ukatia injini yenye idadi tofauti ya silinda, umelibadilisha, na ukaguzi unakuhusu.

Na ni nani anayethibitisha kwamba gari halikubadilishwa? Ni mwenye gari mwenyewe. Anajaza fomu na kutia saini. Hakuna mtu anayekuja kuchungulia.

Serikali ilitoa sababu zake. Magari haya hutembea maili chache kwa mwaka. Wenyewe huyapenda na kuyatunza. Na mafundi wengi wa leo hawakuzoea gari lisilo na kompyuta. Sababu hizo zina uzito. Hata hivyo, maoni yalipokusanywa kabla ya mwaka 2018, waliopinga walikuwa wengi kuliko walioafiki. Ujerumani imeshika njia nyingine. Huko tangu mwaka 1997 gari lililotimiza miaka 30 na kubaki katika hali yake ya asili hupewa kibao cha namba chenye herufi H, na mwenyewe hulipa kodi ya kiwango kimoja, Euro 191 na senti kidogo kwa mwaka. Lakini ukaguzi wa kila baada ya miaka 2 uko palepale.

Nami kwa macho ya fundi nawaunga mkono Wajerumani, na nitaeleza sababu.

Gari hazeeki kwa kutembea tu. Huzeeka hata likisimama. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa, na bomba la chuma likaanza kuliwa kutoka ndani. Mipira ya breki hupasuka kwa umri. Tairi huweza kuwa na kashata nzuri kabisa huku mpira wake umekauka. Ndiyo maana ubavuni huandikwa tarakimu nne za juma na mwaka wa kutengenezwa. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya huko ina ethanoli hadi asilimia 10, nayo huharibu mipira ya zamani ya kupitishia mafuta. Tena magari mengi ya miaka ya 1950 na 1960 yana njia moja tu ya breki. Bomba moja likivuja, magurudumu yote manne hayana breki.

Mzee mmoja alituletea gari lake la mwaka 1966, linang'aa kama sahani ya harusi. Alitaka tumrekebishie kabureta tu. Nilipolipandisha juu niliona bomba la breki ya nyuma, pale linapopita juu ya ekseli, limeliwa na kutu. Nililigusa kwa ukucha, likatoa jasho la mafuta. Mzee akaniambia, "Lakini sheria hainidai cheti." Nikamjibu, "Ni kweli, bwana, haikudai cheti. Inakudai breki." Juma hilo alikuwa amewapakia wajukuu wake wawili katika gari lile.

Na ndivyo sheria yenyewe isemavyo. Kuendesha gari lililo katika hali ya hatari ni kosa, liwe la mwaka jana au la mwaka 1930. Faini yaweza kufika pauni 2,500, pamoja na pointi 3 kwenye leseni. Ukaguzi wa hiari unaruhusiwa, na kwa gari dogo gharama yake haizidi pauni 54.85. Wenye busara huupeleka mkono mfukoni wakalipa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Liko pia swali la haki. Mtu mwenye gari la miaka 15, ambaye hana uwezo wa kununua jipya, analipa kodi na anakaguliwa kila mwaka. Jirani yake mwenye gari la maonyesho halipi wala hakaguliwi. Juu ya kodi nitamtetea huyo jirani: anatunza ufundi wa kale kwa fedha zake, na barabara anaitumia kidogo. Juu ya ukaguzi sina la kumtetea, kwa sababu mtoto anayevuka barabara haulizi gari lina umri gani.

Hapa kwetu Tanzania hatuna mgawanyo huo. Ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa mwaka 2017 kwa magari yote, na ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa lita. Anayetembea zaidi ndiye anayelipa zaidi. Lakini breki za kwetu na breki za Uingereza zinaliwa na kutu ileile.

Vijana, hapa shuleni mnakaguliwa kila siku: vitanda, kucha, madaftari. Mtamaliza, na asubuhi moja hakuna kiranja atakayepita. Wako kati yenu watakaokuwa mafundi, madaktari, wahasibu, watu wanaotia saini karatasi ambazo hakuna atakayezichungulia. Siku hiyo lala chini ya gari lako, washa tochi, tazama bomba la breki kwa macho yako mwenyewe, kisha ndipo utie saini.