Mkasi na Mvua ya Mawe

Somo: Yohana 15:1-8

 

Huu ni mwezi wa Februari. Mahindi yamekwisha kupukuchuliwa, mvua bado haijaanza, na huku kwetu Trans Nzoia ndio wakati watu wanapoitazama miti iliyo uani mwao. Ua wa msaiprasi umevimba hata unaziba njia. Mgrevilia umetandaza kivuli juu ya sukuma wiki. Mparachichi umepanda juu kuliko bati, na matunda yake hayafikiwi ila na ndege. Basi mwenye nyumba huchukua panga.

Sisi nasi tulilichukua. Tulipohamia nyumba ya parokia tuliukuta mparachichi mzee, tukaushambulia siku moja kwa bidii nyingi na maarifa machache. Matawi makubwa tuliyakata kutoka juu. Kabla hayajakatika yote yakaanguka kwa uzito wake, yakachuna gome mpaka kwenye shina. Tena gome la mparachichi halikuzoea jua. Baada ya majuma machache liliungua na kupasuka. Mzee mmoja wa kanisa alipita, akausimamia mti ule kwa kitambo, akauliza, "Kasisi, mti huu umewakosea nini?"

Yeye ndiye aliyetufundisha. Tawi kubwa hukatwa kwa msumeno, si kwa panga. Kwanza unalikata kidogo upande wa chini, mbali kidogo na shina. Halafu unalikata kutoka juu, mbele kidogo ya pale ulipoanza, nalo huanguka bila kuchuna kitu. Mwisho unakiondoa kipande kilichobaki, karibu na ule uvimbe ulio pale tawi linapotokea, lakini uvimbe wenyewe usiuguse, maana ndio unaofunika kidonda. Anza na matawi yaliyokufa, kisha yenye ugonjwa, kisha yanayosuguana. Halafu weka msumeno chini, urudi nyuma hatua kumi, utazame. Kazi kubwa ya kupogoa, alisema, ni ya macho. Na shina lililobaki wazi tulilipaka chokaa ili jua lisiliunguze tena.

Ndugu wapenzi, Bwana wetu aliitumia kazi hii alipojiita mzabibu wa kweli, na Baba yake mkulima. Nasi wahubiri tumeipenda sana mifano hii, pengine kupita kiasi. Mtu akifukuzwa kazi, tunasema Mungu anampogoa. Akiugua, anapogolewa. Ni rahisi kusema, na ibada inaendelea.

Tulimwambia hivyo mama mmoja wa upande wa Chwele, aliyefiwa na mumewe na kuachwa na watoto watano na shamba dogo la kahawa. Tulisema kando ya kaburi, mbele ya watu wote. Kwa miezi mingi baadaye hatukumwona kanisani. Tulidhani ni huzuni.

Tulipomtembelea, mavuno yalikuwa yamekwisha, naye alikuwa katikati ya mibuni yake na msumeno. Mbuni huzaa juu ya mti uliokua mwaka uliotangulia, kwa hiyo mashina yakichoka hukatwa kiasi cha futi moja kutoka ardhini, na katika machipukizi mengi yanayotokea huchaguliwa mawili au matatu tu. Katika kila mbuni alikuwa ameacha shina moja lenye majani. Tukamwuliza kwa nini. Akasema, "Hili ni la kuulisha mzizi, mpaka hayo mengine yachipue. Nikikata yote kwa mara moja, mti wenye nguvu kidogo utakufa."

Kisha akanyamaza, akasema bila kututazama: "Kasisi, mlisema Mungu amenipogoa. Mimi napogoa kila mwaka. Sijakata bado tawi ambalo sikulitazama kwanza, wala sijakata ili mti ulie. Mimi naijua pia mvua ya mawe. Inashuka kutoka mlimani Elgon, inapiga maua, majani na matunda mabichi, haichagui. Mume wangu alichukuliwa na mvua ya mawe. Msiniambie ilikuwa mkasi."

Hatukuwa na jibu. Tuliporudi nyumbani tulilifungua tena somo letu, tukaona jambo tulilolisoma chuoni na kulisahau. Neno la mstari wa pili, ambalo Biblia yetu imelifasiri kuwa kusafisha, katika Kiyunani ni la shina moja na lile la mstari wa tatu, ambapo Yesu anawaambia wanafunzi kwamba wao ni safi tayari. Safi kwa kitu gani? Kwa neno alilowaambia. Hakutaja kifo wala msiba. Na maneno haya aliyasema usiku ule wa kukamatwa kwake, akiwaambia watu ambao kesho yake wangefiwa. Hakuwaambia kwamba kufiwa huko ndiko kupogolewa. Aliwaambia wakae ndani yake.

Juma lililofuata tulirudi Chwele, tukamwomba mama yule radhi. Tulimwuliza pia yeye hufanya nini mvua ya mawe ikiisha kupita. Akasema huondoa yaliyovunjika kabisa, yaliyobaki hayagusi. Huweka samadi na majani makavu kuzunguka mashina, halafu hungoja aone ni wapi patachipua.

Siku ile hatukuhubiri. Tulimsaidia kukusanya matawi aliyoyakata, tukayafunga mizigo ya kuni.

Tuombe. Ee Baba, uliye mkulima, uwakumbuke wote waliopigwa mwaka huu. Uwalinde na maneno yetu ya haraka. Uwape wa kuwaletea samadi na maji, na uvumilivu wa kungoja pamoja nao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.