Pensheni Ni Deni, Si Sadaka



Wahenga walinena kuwa mchumia juani hulia kivulini. Hata hivyo, tunawajua walimu, wauguzi na askari waliochuma juani maisha yao yote, na uzeeni wakasimama foleni wakiulizia faili zao. Leo twauliza: je, pensheni ni hisani ya Serikali, au ni mali ya aliyeitolea jasho?

Sheria ya Pensheni, Sura ya 189, tuliyoirithi kwa wakoloni, ilitamka kuwa mtumishi hana haki kamili ya kudai pensheni kwa kazi aliyokwisha kuifanya. Sheria hiyo hiyo ilimhesabia sehemu moja kati ya 480 ya mshahara wake wa mwisho kwa kila mwezi wa utumishi. Aliyetumika miaka 30 akahesabiwa robo tatu. Ahadi ilikuwa njema, ila haikuwekewa akiba. Malipo yalitegemea kodi ya kila mwaka.

Ndiyo maana tuliyapokea kwa matumaini mageuzi yaliyoanza tarehe 1 Januari 2021. Watumishi wa Serikali Kuu, walimu na polisi wasiofikia umri wa miaka 45 waliingizwa katika mfuko wa kuchangia. Mtumishi hutoa asilimia 2 ya mshahara mwaka wa kwanza, 5 mwaka wa pili, na 7.5 tangu mwaka wa tatu. Serikali hutoa asilimia 15.

Lakini mfuko usiotiwa kitu ni gunia tupu. Wafanyakazi wa kaunti wamekwisha kuyaona hayo: mabilioni ya shilingi za michango yao hayakufikishwa panapostahili. Fedha iliyokatwa kwenye mshahara si ya mwajiri. Kuizuia ni kumnyang'anya mtu chakula cha uzeeni angali kijana.

Basi tunadai mambo matatu. Kwanza, michango ipelekwe kila mwezi, na mwajiri anayeizuia ashtakiwe. Pili, kila mwanachama apewe hesabu ya akiba yake kila mwaka, kwa lugha anayoielewa. Tatu, neno lolote la sheria linaloifanya pensheni kuwa hisani lifutwe, kwani Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii.

Ninyi mlio makanisani mnawajua wazee na wajane hawa kwa majina. Waandikieni barua zao, na mfuatane nao hadi ofisini. Dawa ya deni ni kulipa.